"Kwa upande wa wanawake" nako kuna mbio, ndugu mhariri

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umri unaruhusu, na kama hauruhusu basi pole na kazi. Naomba nafasi kwenye safu ya barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, nikiongea na wenzangu tunaishia kucheka tu kila mtu anashika njia yake. Mi ni mwendesha baiskeli wa ridhaa, mwanamke, nina kazi yangu inayonilipa mshahara na baiskeli naifanya kabla jua halijatoka na siku za mapumziko, sio staa, sina timu ya kunihudumia, nikishinda nafurahi na nikiachwa na kundi namalizia mwenyewe mdogo mdogo. Ila mbio za barabarani nazijua kutokea ndani, na ndo maana kila nikifungua ukurasa wenu wa michezo siku ya pili baada ya mashindano napandwa na hasira.

Mnaandika hivi. Aya tano sita za wanaume, nani kachomoka wapi, nani kamfukuzia, nani kapata pancha akapewa gurudumu na mwenzake, mlima gani umewavuruga, halafu chini kabisa, pale ambapo msomaji keshageuza ukurasa, mstari mmoja: "Kwa upande wa wanawake, fulani aliibuka mshindi akifuatiwa na fulani." Basi, imetoka hiyo. Na picha siku zote ni sisi tumeshika maua tunacheka, jasho limeshafutwa, nywele zimeshatolewa kwenye helmeti zikawekwa sawa, hakuna hata picha moja ya barabarani. Mtu akisoma atadhani tuliitwa tu pale tukagawiwa medali kwa kufuata alfabeti za majina.

Naomba nieleweke, sijaja kuomba huruma. Siombi mtuandike kwa sababu sisi ni mama zenu na dada zenu na tunajitahidi sana jamani. Ninachosema ni kwamba mnapitwa na habari, habari ya michezo kabisa yenye ujanja na fitina na watu kusalitiana kilometa ya mwisho, mnaiacha hivi hivi. Na kwa kuwa hamuiandiki, waandaaji nao wanaamini kwetu hakuna mchezo wowote unaoendelea, na wakishaamini hivyo wanatupanga wanavyojisikia, watuchanganye na huyu, watupunguzie njia, watusimamishe katikati ya mbio. Hilo la waandaaji nitalifikia, ndo hasa limenitoa usingizini nikaandika.

Halafu kinachonishangaza, huu mchezo walioulea ni watu wa magazeti. Tour de France, mbio za kuzunguka Ufaransa, ilianzishwa mwaka 1903 na gazeti la Kifaransa la L'Auto, lilikuwa linapigana na mshindani wake kwenye mauzo likawa linatafuta kitu cha kuuza nakala, na ile jezi ya njano ya anayeongoza ni rangi ya karatasi lililochapiwa gazeti lile. Giro d'Italia, ya kuzunguka Italia, nayo mwaka 1909 ni La Gazzetta dello Sport, karatasi za waridi, jezi ya waridi. Na wala sio ajabu kwamba yalikuwa magazeti, maana mbio za barabarani mtazamaji hazioni! Mpira unakaa uwanjani unautazama dakika 90 mwanzo mwisho, baiskeli we unasimama pembeni ya barabara asubuhi nzima, zinakuja, vuuu, umeona rangi rangi na upepo umekupiga usoni, kwisha. Nani alichomoka kilometa kumi nyuma hujui, nani kachoka anajikaza tu hujui, yule wa tatu kwenye mstari kwa nini hataki kuja mbele hujui. Ilibidi usubiri gazeti la kesho likusimulie kitu ulichokishuhudia kwa macho yako mwenyewe. Sasa gazeti lisiposimulia, hizo mbio kwa msomaji hazikuwepo.

Mwaka 1924 mwanamke mmoja Mtaliano, Alfonsina Strada, alipanga mstari na wanaume kwenye hiyo hiyo Giro. Mastaa wengi mwaka ule hawakuja kwa sababu ya mvutano wa pesa na waandaaji, mbio zilikuwa zinahitaji kitu cha kuongelewa, akaingia yeye. Kuna siku alichelewa akavuka muda uliowekwa, kwa kanuni alitakiwa arudi nyumbani, lakini wenye gazeti wakamwacha aendelee nje ya msimamo, na akafika mpaka mwisho Milano wakati wanaume wengi walioanza naye walishaacha. Sisemi wale wazee walikuwa watetezi wa wanawake, nadhani walikuwa wanahesabu nakala tu. Lakini walijua habari wakiiona, miaka mia imepita.

Haya, niwaingize kwenye kundi kidogo.

Adui kwenye baiskeli ni upepo kabla hata ya mpinzani. Ukiwa mbele peke yako kwa spidi ya kilometa 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu unayokanyaga inaliwa na hewa unayoipasua, wakati yule aliyejibana nyuma yako, tairi lake la mbele likiwa shubiri moja tu kutoka la kwako la nyuma, anaokoa karibu theluthi ya nguvu. Theluthi! Yaani mnaenda spidi moja barabara moja lakini yeye anafanya kazi kidogo kuliko wewe. Mambo yote mengine yanatokana na hapo, kupokezana, kutegeana, kudanganyana kwamba umechoka wakati bado, kumwachia mwenzako upepo halafu umpite mita 200 za mwisho. Anayeshinda mara nyingi sio mwenye mapafu makubwa, ni aliyetumia nguvu kidogo mpaka ile dakika inayohitajika.

Sasa kwa wanaume, kundi likiwa kubwa na timu zimekamilika, mbio zinakuwa na mwenyewe. Timu moja yenye nguvu inapanga watu wake mbele, wanavuta, wanamfukuzia kila anayechomoka, mwisho wanamleta mkali wao. Kwetu wa ridhaa mambo ni tofauti kabisa. Tuko wachache, wengi tumekuja mmoja mmoja au wawili, hakuna wa kuzimiliki hizo mbio. Ina maana kila anayechomoka swali linakuwa nani atamfuata, na jibu ni kwamba kila mtu anamwangalia mwenzake. Nikimfukuzia mimi nawabeba nyie wote bure kwenye mgongo wangu, nisipomfukuzia anaondoka. Hapo ndo utaona vituko. Mtu anajifanya anakohoa. Mtu anainama kuangalia gia utadhani zina shida. Kuna dada mmoja nakutana naye karibu kila mashindano, jina nalihifadhi, huyu akitaka kuchomoka anachomoa chupa ya maji anakunywa kidogo, anairudisha taratibu mahali pake, halafu anafunga zipu ya jezi mpaka shingoni. Ile zipu ikipanda tu sisi tunaomjua tunashusha gia moja na mikono inahamia chini kwenye usukani. Msimu huu ameanza kuifunga zipu bila kuchomoka! Tunashtuka, tunaruka, tunachoka bure, yeye katulia tuli nyuma, mara ya tatu tunampuuza na hiyo ya tatu ndo anaondoka kweli. Nyie mliandika "aliibuka mshindi". Hakuibuka, alitupika saa nzima.

Na sio sisi wa mtaani tu. Mashindano ya dunia ya mwaka 2025 yalifanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza kabisa kuletwa Afrika, na mbio za wanawake zilikuwa kilometa 164 na ushee, milima kwa milima na mawe yake. Majina makubwa mengi yalikuwepo. Akashinda Magdeleine Vallieres wa Kanada, mtu ambaye kabla ya siku ile wengi hawakumtaja kabisa, kwa sababu yeye na wenzake wachache walitangulia na wale wakubwa wakabaki nyuma wanatazamana kama watu waliomaliza kula hotelini kila mmoja anasubiri mwenzie aite bili. Niamh Fisher-Black wa New Zealand wa pili, Mavi García wa Hispania wa tatu. Anayeielewa baiskeli aliziona zile mbio akashika kichwa, zilikuwa somo zima la kutegeana, na mimi niliyezoea kutegeana na watu wanaowahi kazini Jumatatu niliona kabisa ni kitu kile kile, tofauti yao ni miguu tu.

Au chukua ile Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021. Anna Kiesenhofer wa Austria, mtaalamu wa hesabu mwenye udaktari wake, hakuwa hata na mkataba na timu ya kulipwa wakati ule. Kachomoka pale pale mwanzo na wenzake kadhaa, kawaacha, kamaliza peke yake. Olimpiki haziruhusiwi redio za masikioni za kupewa taarifa na timu, kwa hiyo nyuma wakubwa hawakuwa na hesabu sawasawa, waliwakamata waliobaki mbele wakadhani wamemaliza kazi, Annemiek van Vleuten wa Uholanzi akavuka mstari mikono juu anashangilia dhahabu, kumbe mwenye dhahabu alishafika zamani, yeye ni wa pili. Unaandikaje hiyo kwa mstari mmoja? Huwezi. Ndo nasema.

Sasa nije kwa waandaaji, na sitaji mtu wala chama maana nataka kuendelea kupewa namba ya mgongoni.

La kwanza ni kutuchanganya. Wanasema nyie wanawake mko wachache, tutawaanzisha pamoja na maveterani wa kiume, au na vijana, matokeo tutayatenganisha kwenye karatasi. Ukisikia haraka haraka unaona sawa tu, watu wanapendana, kundi limejaa, spidi nzuri. Lakini fikiria kinachotokea kwenye mlima wa kwanza. Kundi linapasuka. Mimi nimebahatika nimeangukia kundi lenye wanaume wanane wenye migongo mipana wanaokokota upepo kwa zamu, mpinzani wangu mkuu sekunde ishirini nyuma yuko na baba mmoja aliyechoka na kijana mwenye pancha ya polepole. Kuanzia hapo mimi na yeye hatushindani tena. Mimi nashindana kubaki nyuma ya mgongo, yeye anashindana na upepo, na nikimshinda dakika nne mtaandika nilikuwa bora kwa dakika nne wakati nilikuwa bora kwa mita tatu pale juu ya mlima. Siku nyingine inakuwa kinyume na mimi ndo naumia. Na wapo wanaokuja na mtu wao kabisa, mume, kaka, mwenzake wa klabu, anamvutia upepo mwanzo hadi mwisho, akipata pancha anampa gurudumu. Simlaumu, kanuni ya siku hiyo haijamkataza, hata mimi nikipewa mgongo mzuri nitajificha. Lakini tusiite hizo ni mbio za wanawake, hizo ni mbio za nani ana mwanaume mwenye nguvu.

Halafu kuna wale, jamani, wale wa kiume ambao wakipitwa na mwanamke hawalali. Unampita taratibu tu kwenye mlima, hata hujamwangalia, unasikia cheni inalia nyuma, trrr, anapanda gia, anakupita akitweta, anakaa mbele yako sekunde thelathini, anakatika, anakuzibia njia, kundi limeenda. Umepoteza mbio kwa sababu ya hasira ya mtu ambaye hamko hata kwenye daraja moja. Huyu nimekutana naye mara nyingi sana na kila mara ana sura tofauti.

La pili ni kutuanzisha mwisho. Wanaume wanaondoka barabara ikiwa imefungwa, wasimamizi wa njia wamesimama wima na bendera, pikipiki za refa zinapita. Sisi tunakuja baadaye. Tukifika kona ya kilometa hamsini msimamizi keshakunja bendera yake kaikalia, anaangalia simu, na gari ndogo iliyochoka kusubiri imeshapenyeza pua barabarani. Unashuka mteremko spidi ya kilometa 60, tairi lina upana wa sentimita mbili na nusu hivi, mchanga kwenye kona, na mbele kuna pua ya gari. Mi nilishawahi kushika breki zote mbili hapo nikasikia tairi la nyuma linatembea kuelekea pembeni kivyake, na dada aliyekuwa kwenye gurudumu langu alinipitia kushoto kwa upana wa kiwiko, hatukuanguka, tuliendelea, hakuna aliyeongea kitu mpaka mwisho. Hilo sio suala la usawa wala nini, ni suala la watu kurudi nyumbani wazima.

La tatu, na hili ndo lilinifanya niongee peke yangu kwenye baiskeli, ni kusimamishwa. Tumeanza nyuma ya daraja lingine la wanaume, pengo limewekwa dogo, wenzetu wawili wamechomoka wanakwenda vizuri, sisi nyuma tumeshapangana kuwafukuzia, anakuja refa na pikipiki anapunga mkono, simameni, mnawakaribia wanaume. Tukasimama. Wote. Waliochomoka nao wakasimamishwa, tukaambiwa pengo litarudishwa lile lile. Likarudishwa kwa saa, sawa, lakini miguu haihesabiwi kwa saa. Waliokuwa wamechoka wamepumzika, waliokuwa wamepasha wamepoa, na sisi wafukuzaji sasa tunajua walipo mpaka sekunde. Wale wawili walikamatwa. Mmoja wao alikuwa analia kwenye mstari, sio kwa kushindwa, kwa hasira.

Nilidhani ni mambo yetu ya ridhaa mpaka nilipojua yaliwakuta hadi wa kulipwa. Mwaka 2019 kule Ubelgiji, kwenye mbio za Omloop Het Nieuwsblad, Nicole Hanselmann wa Uswisi alichomoka mapema peke yake na akaenda vizuri mpaka akawa anaiona misururu ya magari ya mwisho ya mbio za wanaume walioanza kabla yao. Wakasimamisha mbio za wanawake. Yeye akasubiri, wote wakasubiri, wakaachiwa tena, na baadaye akakamatwa. Habari ile ilizunguka dunia nzima, watu wakacheka, mwanamke kawafikia wanaume, hahaha. Mi sikucheka. Tatizo halikuwa yeye kwenda mbio, tatizo ni mtu fulani mezani aliyepanga ratiba akiamini kwamba hatutafika.

Dawa yake mbona ndogo tu. Tuanzeni sisi kwanza asubuhi, wanaume waje nyuma, pengo likiwa refu la kutosha. Wakitufikia wao, wapite upande mmoja bila yeyote kumshika mwenzie upepo, anayeshika aondolewe kwenye matokeo, mwanaume au mwanamke. Na kama kweli tuko wachache sana kiasi hicho, basi tupeni njia fupi ya kuzunguka mara nyingi, watu watatuona kila mzunguko, wasimamizi watahitajika wachache, na refa mmoja anatosha. Kuna waandaaji wameshajaribu hivyo na siku hiyo ilikuwa raha, watu walijua kabisa nani yuko mbele, walianza kutuita kwa namba.

Kuhusu urefu wa njia nina maoni ambayo wenzangu wengine hawatayapenda. Mbio za barabarani za wanawake ziliingia Olimpiki mwaka 1984 Los Angeles, zikiwa kilometa 79, wanaume siku hiyo hiyo walikuwa na 190. Paris 2024 wanawake walikimbia 158, akashinda Kristen Faulkner wa Marekani, ambaye miaka michache kabla alikuwa mtu wa ofisini, aliingia kwenye baiskeli ukubwani akiwa anafanya kazi za uwekezaji New York. Kwa hiyo tumetoka mbali. Lakini mi sipiganii namba iwe sawa na ya wanaume kilometa kwa kilometa. Nina kazi, nina mazoezi ya masaa ninayoyaiba, mbio za masaa sita kwetu wa ridhaa zitakuwa maandamano ya watu waliochoka. Ninachokataa ni kukatiwa mlima. Maana wakipunguza wanapunguza wapi? Pale pale penye mlima, wanasema tusiumie. Mlima ndo unaamua! Ukitoa mlima unabaki na kundi zima linafika pamoja linabanana mita 300 za mwisho, watu ambao hawajazoea kubanana, viwiko, magurudumu yanagusana, na hapo ndo watu huvunjika mifupa ya bega. Tulindeni kwa kutuachia mlima wetu.

Mambo ya mwili nayapitia haraka maana najua gazeti linasomwa na familia. Siti nyingi tulizokuwa tunauziwa zilitengenezwa kwa mifupa ya nyonga ya mwanaume, ya kwetu imeachana zaidi, na mwanamke anayekuambia baiskeli inamuumiza mara nyingi tatizo ni siti sio yeye. Kaptura yenye mikanda ya mabegani, haja ndogo ikikubana mwanaume anamaliza shida yake pembeni ya barabara, sisi mpaka jezi ivuliwe, kwa hiyo wapo wanaoacha kunywa maji, na kuacha kunywa maji kwenye jua ni hatari. Halafu hii ya kuambiwa punguza kilo utapanda mlima vizuri, inasemwa na kila mtu, hata asiyejua kubadilisha gia. Mwili unaofanya kazi ngumu masaa matatu unahitaji wanga gramu 60 kwenda juu kila saa, ukiunyima unapungua kweli, na siku za mwezi zinakatika, na zikikatika usishangilie kwamba umepumzika na usumbufu, mifupa nayo inadhoofika. Nimewaona wadada wazuri wakipotea kwenye mchezo hivyo. Makocha wasiojua waulize madaktari, waache kubahatisha.

Turudi kwenu. Mtasema wasomaji hawataki. Mbona mwaka 2025 Kim Le Court wa Mauritius alivyoshinda Liège–Bastogne–Liège kule Ubelgiji, Mwafrika wa kwanza kabisa, mwanaume au mwanamke, kushinda moja ya zile mbio tano kongwe za siku moja, watu walitumiana ile video mpaka simu zikajaa? Walikuwa wanne mwishoni, yeye, Puck Pieterse, Demi Vollering na Cédrine Kerbaol, na wote waliobaki naye walikuwa ni watu wa kuogopwa. Miezi michache baadaye akavaa jezi ya njano Tour de France ya wanawake, mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuivaa. Na mwaka mmoja kabla yake Tour hiyo hiyo iliamuliwa kwa sekunde 4. Vollering alikuwa na jezi ya njano, akaanguka etapu ya tano, yaani kipande cha tano cha mbio, karibu na mwisho, akapoteza zaidi ya dakika moja na nusu, siku ya mwisho akapanda Alpe d'Huez akashinda etapu, anasubiri pale juu anahesabu, na Kasia Niewiadoma wa Poland anakuja anajivuta, anavuka, Tour ni yake kwa sekunde nne. Baada ya etapu nane za mbio. Nani asiyetaka kusoma hiyo?

Ya kwetu ni madogo, najua. Hakuna helikopta. Lakini ile zipu ya yule dada nayo ni habari kwa watu wanaotufahamu, na watu wanaotufahamu wananunua gazeti.

Kwa hiyo ombi langu. Mashindano yajayo mpiga picha asikae mstari wa kumalizia tu, apande mlimani, asimame theluthi mbili ya mlima, sio kileleni, kileleni watu wanajikaza sura kwa ajili ya picha. Mwandishi akitufuata mwishoni asituulize tunajisikiaje wala tunapataje muda wa familia, huwa mnauliza hivyo kila mwaka na wanaume hamjawahi kuwauliza. Atuulize nani alifunga pengo la kwanza, nani aligoma kushika zamu, upepo ulikuwa unatoka upande gani. Amuulize na wa nne, huyo huwa ana hasira na anasema kila kitu. Na kama hana usafiri wa kutufuata, lile gari la kukusanya wanaoachwa nyuma lina nafasi mbele pembeni ya dereva, nimeshalipanda, kiti ni kizuri na habari zote za mbio zinaongelewa mle ndani.

Ni mimi msomaji wenu,
Mwendesha baiskeli wa ridhaa (jina langu mnalo, naomba msilichapishe mpaka msimu uishe)